Shangazi Aliyegawa Majina

Siku tuliyomzika dada yangu Wawira, shangazi yetu aliomba spika kwa mzee wa kanisa, akaipuliza kidogo kuona kama inasikika, kisha akawaambia watu waliokuwa wamesimama kwenye tope la Kibugu kwamba Wawira hakufa kwa ugonjwa wa titi.

"Mimi sitaki kusema," alianza, maana ndivyo alivyoanza kila neno alilotaka sana kulisema. "Mimi sitaki kusema, lakini huyu msichana hakuwa na lile jina. Nyinyi mnajua. Ule ugonjwa unafuata jina. Huyu ameuawa na kitu kingine, na aliyekifanya Mungu anamwona."

Watu wakaguna kukubali. Mama mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake, "Ni kweli, hakuwa na jina." Mimi nilikuwa upande wa kichwa cha kaburi, mkono wa kushoto nimeubana ubavuni kama mtu anayesikia baridi. Chini ya kwapa kulikuwa na kitu kigumu nilichokijua tangu msimu wa kupanda maharagwe. Na mimi pia sikuwa na lile jina.

Nimepita pabaya pengi tangu siku hiyo. Walinitoa titi Nairobi. Bwana yangu akanirudisha kwetu kama mtu anayerudisha jembe alilokopeshwa. Lakini hakuna mahali palipokuwa kama pale kaburini, kumsikia mtu ninayempenda akifunga mlango na mimi niko ndani.

Shule niliacha darasa la nne. Naandika vile ninaongea, na anayetaka kucheka acheke. Naandika kwa sababu neno la shangazi bado linatembea hapa nyumbani ingawa mwenyewe amelala udongoni. Marigu, msichana wa ndugu yangu Nyaga, ana kitu kwenye titi. Baba yake hataki apelekwe kuonwa, na sababu anayotoa ni kwamba shangazi alisema. Basi wacha niseme shangazi alikuwa nani.

Kwetu Embu dada ya baba tunamwita Tata. Alikuwa mfupi, mgongo mpana, na alichuma chai kwa mikono miwili bila kuitazama chai. Macho yake yalikuwa barabarani. Alijua nani amepita, amebeba nini, na ana uso wa namna gani. Ukiwa mstari wa pili nyuma yake ulipata habari za Kibugu nzima kabla kikapu hakijajaa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchuma, nilipoacha shule, na hakunipiga hata siku moja, jambo ambalo mama yangu mwenyewe hawezi kusema. Niliugua surua mwaka mmoja, akanibeba mgongoni hadi Embu mjini kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara. Njia yote alikuwa akinitukana. "Mtoto mzito kama mawe, na huwezi hata kutembea kidogo, we!" Lakini hakuniweka chini.

Alikuwa mtu wa kanisa, kitambaa cheupe cha akina mama kichwani, na ndani ya mkunjo wa kile kitambaa alificha ugoro. Kanisa letu lilikuwa limekataza ugoro. Kabla ya ibada alipita kwanza chooni, na wakati wa maombi marefu, kila mtu amefumba macho, ilisikika chafya ya kutikisa benchi.

"Ni mafua," alimwambia mzee wa kanisa.

"Mafua gani haya ya kila Jumapili, mama?"

"Ya Jumapili."

Hospitali aliidharau lakini sindano aliipenda. Kila maumivu, hata ya jino, aliyapeleka dispensari kwa Bwana Ndwiga, na Ndwiga akimpa vidonge anavisukuma pale mezani. "Vidonge ni vya watoto. Nichome." Ndwiga anamchoma. Nafikiri siku nyingi alimchoma maji. Walikuwa marafiki sana, hawa wawili. Ndwiga alikuwa mtu wa kupendeza watu, na kumbuka hilo jina, nitalirudia.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa majina. Kwetu mtoto hapewi jina lolote linalopendeza. Msichana wa kwanza anaitwa mama wa baba yake, wa pili anaitwa mama wa mama yake, na waliobaki wanaitwa shangazi na mama wadogo kwa mpango wake. Mtoto akizaliwa kwa nyumba yetu, Tata alikuja akiwa bado na matope ya shambani miguuni, akamchukua, akamnyanyua kwenye mwanga wa mlango, akasema jina kwa sauti, akamtemea kijimate kifuani kumbariki. Hapo imekwisha. Mchungaji baadaye aliweka jina lake la Kizungu, lakini hilo lilikuwa la cheti tu. Nilimwona akimkatalia ndugu yake mkubwa, mwenye ndevu nyeupe, aliyetaka mjukuu aitwe jina la rafiki yake. "Rafiki yako amekunyonyesha?" alimwuliza mbele ya watu. Mzee akatoka nje.

Ukiwa na jina la mtu, kwetu, wewe ni yule mtu. Baba yangu alimwita dada yangu mkubwa "mama", na alimnunulia shuka mpya kabla ya kumnunulia mke wake, kwa sababu huwezi kumwacha mama yako na baridi.

Mama huyo, nyanya yetu, aliitwa Igoki. Alikufa kwa ugonjwa wa titi, nyumbani, bila daktari. Aliyemuuguza alikuwa Tata, akiwa msichana ambaye hajaolewa. Hakupenda kuyasema. Mara moja tu, tukingoja kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai, alinionyesha majani fulani kando ya barabara akasema, "Haya ndiyo nilikuwa namfunika nayo. Harufu haikuisha. Nililala nje mwezi mzima, halafu nikaona haya nikarudi ndani." Kisha akamgeukia mama mwingine akamwuliza kama ni kweli binti yake ametoroka na fundi wa baiskeli.

Sasa sikiliza. Nyanya alikuwa na wana wa kiume watatu, na kila mmoja alipopata msichana wa kwanza, Tata alimwita Igoki. Igoki wa mzee mkubwa. Igoki wa kwetu, dada yangu mkubwa. Igoki wa mzee mdogo, aliyeolewa huko Kangeta, Meru, na mkulima wa miraa. Yule wa mzee mkubwa alishikwa na titi akiwa hata hajapata mvi. Akafa. Halafu dada yangu, vilevile. Akafa. Mtu yeyote mwenye macho angeona kile Tata alichokiona: nyanya anachagua wenye jina lake. Mimi pia niliona hivyo. Sitamcheka kwa hilo.

Tata aliitisha ukoo akasema jina la mama yake lilale, lisipewe mtoto tena. Alilisema hilo bila kulia, na naamini lilimuuma kuliko vifo vyenyewe, maana alikuwa anamzika mama yake mara ya pili. Halafu akasema kuna Igoki mmoja bado anatembea, na twende tukamwondoe hilo jina kabla halijamkula.

Nilifuatana naye hadi Kangeta. Njiani alikuwa kimya, jambo geni, na baadaye ndipo nilipojua alikuwa anatunga. Kile alichokifanya hakikuwa mila ya mtu yeyote. Alimnyoa binamu yetu nywele, akamfanya atoke nje kinyumenyume, akamnywesha uji uliopikwa na mwanamke asiyemjua, akasoma Zaburi, akamwita Karimi.

Mume wake alikuwa amekaa kwenye kigogo, shavu limejaa miraa. "Mama," alisema, "mimi nilioa Igoki. Sasa usiku nitalala na nani?"

"Mwili ni ule ule," Tata akamjibu. "Hata mbuzi wa mahari tuliokula ni wale wale."

"Na kwa nini jina la Kimeru? Si mngempa la kwenu?"

"Likija kumtafuta litauliza kwa Kiembu. Huku nani atalijibu?"

Yule bwana alicheka mpaka akatema miraa, na Tata naye akacheka. Karimi yuko hai hadi leo, mzima, mnene. Huyo ndiye aliyetuua sisi wengine. Si kosa lake, maskini. Lakini kila mtu alipomwona Karimi alisema: si mnaona? Alibadilishwa jina, akapona.

Basi Wawira alipopata uvimbe hakuogopa. Alikuja akamwambia Tata, na mimi nilikuwepo, tunachambua mboga.

"Wewe ni wa upande wa mama yako," Tata akamwambia. "Hiyo damu haikujui."

"Lakini inakua, Tata."

"Kila kitu kinakua. Nenda kwa Ndwiga akuchome."

Wawira akaenda kwa Ndwiga. Alikuwa na mtoto mchanga. Ndwiga hakumgusa, alimwangalia akiwa amevaa nguo, akasema ni maziwa yameganda, anyonyeshe upande huo zaidi. Akanyonyesha upande huo zaidi. Aliporudi, Ndwiga akamwambia angoje mtoto aache kunyonya. Aliporudi mara nyingine, Ndwiga akamwuliza, "Tata anasemaje?" Mtu wa serikali, amevaa koti jeupe, anamwuliza mgonjwa shangazi yake anasemaje! Mzee wa kanisa naye alimpaka mafuta, akamwambia imani yake ni ndogo. Baba yetu alikuwa bado hai, na alijua mama yake alikufa vipi, na alikaa kwenye kiti chake. Nawataja hao wote. Wawira alikufa akiuliza ni nani amemroga, na alimtaja jirani ambaye hajawahi kumfanyia mtu ubaya wowote, na huyo jirani hadi leo tukikutana njiani anavuka upande wa pili.

Mimi baada ya mazishi sikwenda kwa Ndwiga. Nilikwenda Embu, na Embu wakanituma Nairobi. Walipomaliza kunikata, daktari mmoja, mwanamke kijana, alikaa kitandani kwangu akaniuliza nani mwingine kwetu. Nikamhesabia. Nikamwambia na habari ya jina. Hakucheka, namshukuru.

Alisema mwili wa mwanamke unatengeneza kitu kinaitwa homoni. Hicho ndicho kinachomfanya msichana aote matiti na aone mwezi. Kikishafanya kazi, mwili unatakiwa kukivunja na kukitupa nje. Jinsi mwili unavyofanya hiyo kazi ni maagizo ambayo mtu amezaliwa nayo kwenye damu, wao wanayaita jeni, na katika familia nyingine moja ya hizo jeni haifanyi kazi sawasawa. Homoni inakaa, haivunjwi haraka, inazidi kulichochea titi, mwaka baada ya mwaka.

"Kama majani lori likichelewa," nikasema.

Hakuelewa. Nikamweleza kwamba majani ya chai yakishachumwa, yakajazwa kwenye gunia, lori lisipokuja kuyachukua yanashika joto yenyewe. Ukitia mkono katikati unaungua. Jioni yamekuwa mekundu, na hakuna mtu aliyeyawasha moto.

"Karibu hivyo," akasema. Hakunidanganya. Alisema hapo hawana mashine ya kupima jeni, na huenda kwetu ni hiyo ya homoni, huenda ni nyingine, hata wasomi wenyewe bado wanatafuta. Lakini nyanya, binamu, dada wawili, na wewe, akasema, hiyo iko kwenye damu.

"Mbona ilianza na wenye jina?"

"Hao wenye jina walikuwa nani nyumbani?"

"Wasichana wa kwanza."

"Basi ndio waliotangulia kufika umri wa kuugua," akasema. "Nyinyi wengine mlikuwa nyuma yao njiani."

Nilikaa na hilo neno siku nyingi. Sisi tulihesabu majina, na yale majina yalikuwa yanatuhesabia umri tu. Nikamwuliza juu ya Karimi. Akasema mtoto anaweza kuipata na mtoto anaweza kuikosa, na Karimi huenda aliikosa tumboni, zamani sana, kabla ya kunyolewa na mtu. Nikamwuliza iliingiaje kwangu kama nyanya ni mama wa baba. "Kupitia baba yako," akasema. "Wanaume wanaibeba pia. Wengi hawaugui, lakini wanaipitisha." Ndugu yangu Nyaga ana wasichana wanne.

Niliporudi nilimwambia Nyaga. Alinisikiliza vizuri, akasema, "Wewe umeumia, dada, pumzika." Nikamwambia Marigu mwenyewe, tukiwa kwenye mistari ya chai. Akaweka kidole upande wa kulia akasema, "Hapa kuna kitu kama punje ya njugu, Tata." Mimi ndiye Tata wake, lakini mimi si kama yule. Mimi sikuzaa, sikusoma, na nimerudishwa. Nikamwambia twende Nairobi. Akasema, "Nikionekana napanda gari na wewe, watu wa Makutano watajua kabla jua halijatua." Anachumbiwa na watu wa Makutano, Meru. Akaenda kwa Ndwiga peke yake. Ndwiga akamwambia ni mambo ya ujana, yataisha akizaa.

Inaweza kuwa ni kweli. Yule daktari aliniambia kwa wasichana wadogo mara nyingi si kitu. Lakini akasema kwa nyumba kama yetu lazima mtu aangalie, tena kwa mkono na kwa sindano ya kutoa nyama, si kwa macho kupitia sweta.

Ndipo nilipoenda kwa Tata. Nilijua Nyaga atamsikiliza yeye tu. Alikuwa ameshakuwa mzee wa kukaa, lakini masikio yalikuwa mazima. Nilimkuta jikoni mchana, anapukuchua mahindi. Nyaga alikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, anamkatia ng'ombe wake nyasi kwa panga, na tulikuwa tunaisikia ile panga, tap, tap.

"Nionyeshe," aliniambia kabla sijakaa.

Nikafungua blauzi. Aliangalia, kisha akaweka kiganja chake pale palipo bapa, mkono mkavu wenye vumbi la mahindi, akauacha hapo.

"Walishona vizuri," akasema. "Mama yangu hakushonwa."

Nikamweleza yote, homoni, damu, umri, baba. Nilitegemea atanitukana. Hakunitukana.

"Niliona wakati wa Wawira," akasema. "Siku ya mwisho nilimwosha. Kidonda kilikuwa kile kile. Harufu ile ile. Nilijua si jina."

"Ulijua? Na kaburini ukasema vile?"

"Mimi sitaki kusema, lakini ungetaka niseme nini? Kwamba ni damu yetu? Mbele ya watu wote? Kila msichana wa nyumba hii angezeekea hapa. Watu wanauliza kabla ya kuoa, mtoto wangu. Wanauliza kama kuna wazimu, kama kuna kifafa, kama kuna ukoma. Jina nilikuwa naweza kulilaza. Damu nitailaza wapi?"

"Marigu ana uvimbe, Tata."

"Najua. Alikuja."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia hana jina." Akaokota punje zilizoruka sakafuni, moja moja. "Mwache aolewe kwanza. Akishakuwa na nyumba yake, mpeleke unapotaka."

"Na kama hakuna muda?"

"Wewe ulikuwa na muda."

"Mimi nimebaki na nusu, Tata! Mwambie Nyaga. Neno moja tu. Mwite sasa umwambie."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba panga imenyamaza. Ilikuwa imenyamaza kitambo. Tata naye alitambua, aliangalia ule ukuta wa mbao, na mimi nikaangalia, na katika nafasi kati ya mbao mbili niliona shati la bluu la ndugu yangu halisogei. Kisha panga ikaanza tena, polepole, kama mtu anayekata kitu ambacho kimeshakatika.

Tata mwenyewe akanifungia vifungo vya blauzi yangu, kama nilipokuwa mtoto. "Usimsumbue," akasema. "Amesikia." Na hakurudia tena neno hilo, si kwangu, si kwa mtu, mpaka mvua za masika zikaja zikamchukua.

Nimemsamehe nusu. Aliona mama yake akioza akiwa msichana, na alijaribu kutufichia kitu kisichofichika. Nusu ile nyingine itabaki hivyo, maana Wawira amekufa akiamini amerogwa. Ndwiga sijamsamehe hata kidogo, bado yuko pale na koti lake, na nauliza aliyemweka pale: mtu anaitwaje daktari kama haweki mkono?

Lakini swali langu kubwa ni lako, Nyaga. Usiniambie tena kwamba Tata alisema. Ulisimama nyuma ya mbao ukasikia alichosema. Unajua si jina, unajua ni damu, unajua imepita kwako. Watu wa Makutano wanakuja mwezi ujao kuonja uji wa posa, na umenunua sukari. Marigu ana punje kwenye titi la kulia, na hospitali iko mahali pale pale ilipo. Wewe ni baba yake. Utampeleka, au hutampeleka? Nijibu. Na kama hunijibu mimi, mwite Marigu, mkalishe chini, umtazame, umjibu yeye.